Mtumbwi Chini ya Mkanju

Maandiko ya kusoma: Marko 1:16–20, Wagalatia 6:1–3, 2 Wakorintho 2:5–8



Ujumbe huu ni mzito kwangu, kwa sababu itanibidi nianze na kosa langu mwenyewe kabla sijafika kwa la mtu mwingine. Waliokuwa katika ibada ya kwanza waliusikia. Hapa nimeuandika kwa utulivu kidogo, na nimeongeza mambo mawili matatu ambayo saa ilinikatiza.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Si wa mashua kubwa, la. Alikuwa na mtumbwi mmoja wa mwembe, urefu wake kama mita tano, uliochongwa kwa tezo kutoka kwa mti ulioanguka nyuma ya nyumba ya babu. Alivua ndani ya mkono wa bahari wa Takaungu, na siku bahari ikiwa shwari alitoka nje kidogo, asivuke mwamba. Tafi, changu, pono, siku ya bahati pweza. Mtumbwi huo ndio ulionilipia karo. Ninaposimama hapa na suti na Biblia yangu, mjue nimesimama juu ya samaki.

Baba alilala mwaka wa 2012. Tuko wana wawili, mimi na mdogo wangu. Siku ya tatu ya matanga tuligombana mbele ya baba wadogo na majirani. Wakati baba anaugua, mdogo wangu alikuwa ameuza nyavu. Yeye alisema pesa zilikwenda hospitali. Mimi nilisema zilikwenda kwa mnazi. Sikuuliza risiti, sikumuuliza mama, nilikuwa nimeshaamua. Nikanunua mnyororo na kufuli, nikaufunga ule mtumbwi kwenye shina la mkanju, nikasema hakuna mtu ataugusa. Nikarudi Mombasa.

Miaka tisa. Na wakati huo nilikuwa nimeshawekewa mikono kuwa mchungaji, wapendwa. Kila Jumapili nahubiri msamaha, na ufunguo wa ile kufuli uko kwenye droo yangu nyumbani.

Mwaka wa 2021 nikapata hamu watoto wangu wauone mtumbwi wa babu yao. Nikaenda na mifuko miwili ya simiti, kopo la rangi ya buluu, na vijana wawili wa ukoo. Pale palipooza tukajaza simiti. Palipopasuka tukajaza simiti. Kisha rangi juu, mikono miwili, na ubavuni nikaandika kwa herufi nyeupe: NEEMA. Ukipiga picha, ungesema umetoka kwa fundi leo. Tukausukuma majini. Haukufika mbali, karibu na mikoko tu, simiti ikabanduka kama ganda la yai, na vijana wakajikuta wamesimama kwenye maji ya kifua huku wamebeba makafi. Hakuna aliyeumia. Lakini Neema ilizama. (Mlicheka sana hapo Jumapili. Sawa, chekeni. Mimi siku ile sikucheka.)

Wakanielekeza kwa fundi mmoja mzee, Mwislamu, mtu aliyetengeneza vyombo tangu ujana wake. Alikuja jioni, akaukagua mtumbwi bila kusema neno. Halafu akageuza kisu chake na kuanza kugonga kwa mpini, kidogo kidogo, kutoka omo mpaka tezi. Mahali pengine ulilia ngo, ngo, ngo. Pengine ulikuwa bubu. Palipo bubu alitia ncha ya kisu, na kisu kikaingia kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Akaniuliza, "Mwanangu, chombo hiki kiliharibiwa na nini?"

Nikamjibu kama msomi: bahari, chumvi, wadudu.

Akatikisa kichwa. Akanifundisha jambo ambalo mwana wa mvuvi alipaswa kulijua. Kweli kuna mdudu wa baharini anayekula mbao. Kwa kweli si mdudu, ni jamaa ya chaza. Huingia akiwa mdogo kabisa, kwa tundu ambalo jicho halilioni, kisha hunenepea humo humo ndani, akitoboa njia huku na huku. Nje mbao nzima, ndani sega la nyuki. Lakini mdudu huyo hawezi kuishi nje ya maji ya chumvi. Kwa hiyo wavuvi kila baada ya muda hukivuta chombo pwani. Hukiinamisha, hukwangua chaza na majani, huwasha makuti makavu na kupitisha moto chini ya tumbo lake mpaka wadudu wafe. Kisha hupaka shahamu, yale mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, na juu yake mbavuni hupaka sifa. Mnaojua harufu ya sifa, mnajua. Ukipaka asubuhi, mke wako atajua jioni hata ukioga mara tatu.

"Na baada ya hapo?" akaniuliza.

"Baada ya hapo?"

"Chombo hurudi majini. Maji yakijaa, kinarudi." Akanionyesha mkanju. "Wewe ulikivuta pwani ukakisahau. Na hata hukukifunika, ulikiacha kimetazama juu. Mvua ya miaka yote hiyo imelala humo na majani. Maji ya chumvi hayakuozesha chombo cha baba yako. Maji ya mvua ndiyo yaliyokiozesha."

Wapendwa, naomba msome polepole hapo. Bahari haikuua mtumbwi wa baba. Mawimbi hayakuuua, mwamba haukuuua, wala yule mdudu. Uliuawa mahali salama, kivulini, nyumbani, na mtu aliyeufunga kufuli akidhani anaulinda.

Kazi ikaanza. Kwanza alitoa simiti yangu yote. Kisha akakata. Nilimlilia asikate sana, nikamwambia fundi, hapo si pabaya sana, pabakishe. Akasema mbao mbovu ikibaki hata kidole kimoja, kiraka kipya nacho kitaoza. Akakata kwa tezo na patasi mpaka patasi ikaanza kutoa mabanzi meupe, yenye harufu ya mti. Hapo ndipo akasimama. Yaani alipofika kwenye uzima akasimama. Hakukata kwa hasira. Akachonga kipande cha mbao kikae kwenye lile pengo, akikijaribu na kukipunguza, akikijaribu na kukipunguza, nusu siku nzima kwa kiraka kimoja. Akatoboa kwa keke kwanza ndipo apige misumari, mbao isipasuke. Halafu kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta, inashindiliwa kwenye kila mshono kwa patasi butu na nyundo, tok, tok, tok. Nikamkumbuka Nuhu, jinsi Mungu alivyomwagiza apake lami safina ndani na nje. Nje peke yake ndiko nilikopaka mimi.

Siku ya tatu kazi ikakwama. Ilibidi mtumbwi ulazwe ubavu na ushikwe vile wakati kiraka cha chini kinapigwa. Vijana walijaribu, ukawa unateleza. Fundi akaweka nyundo chini. "Wakati wa baba yako, nani alikuwa anashika upande wa pili?"

Nilinyamaza. Alijua, yule mzee. Takaungu yote ilijua.

Nikampigia simu mdogo wangu. Miaka tisa, na namba nilikuwa nayo. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, lakini alipopokea nilisema tu, "Ndugu yangu, nashindwa kuugeuza mtumbwi wa baba." Kimya kirefu. Kisha akasema, "Usiugeuze kwa kulia. Una ufa wa zamani kulia. Ningojee."

Alikuja na baiskeli. Hatukukumbatiana kama kwenye sinema. Alimsalimu fundi, akanisalimu mimi, akavua shati, akashika upande wa pili. Na alipokuwa ameushika akaanza kuusoma ule mtumbwi kwa mkono wake, kama mtu anayesoma barua. Kiraka hiki tulikitia mwaka wa El Niño. Bati hili ni la mlango wa choo cha mama. Hapa baba aligonga jiwe siku ile mlipokuja mkasema umefaulu mtihani. Mimi nilikuwa shuleni Mombasa, nikilipiwa karo. Yeye ndiye aliyekuwa ndani ya mtumbwi. Nilimfungia nje ya kitu alichokijua kuliko mimi.

Kuhusu zile nyavu, tulizungumza jioni. Sehemu ya pesa ilikwenda hospitali. Sehemu ilikwenda kwa mnazi, naye alikiri mwenyewe. Kwa hiyo sote wawili tulikuwa na ukweli nusu, na kwa nusu hiyo tulipoteza miaka tisa.

Sasa fungueni Marko sura ya kwanza. Yesu anapita kando ya bahari ya Galilaya na kuwaita watu wanne, ndugu wawili na ndugu wawili. Simoni na Andrea walikuwa wakitupa jarife. Yakobo na Yohana walikuwa ndani ya chombo wakitengeneza nyavu. Neno la Kigiriki aliloandika Marko kwa kutengeneza nyavu ni katartizo. Halafu nendeni Wagalatia 6:1, pale Paulo anapowaambia watu wa Roho namna ya kumrejesha ndugu aliyenaswa katika kosa. Ni neno lile lile. Paulo hakuazima neno kutoka mahakamani. Alichukua neno ambalo wavuvi walikuwa wakilifanya kwa mikono yao.

Na kuna chombo kimoja cha bahari hiyo ambacho kimeonekana kwa macho. Mwaka wa 1986 kulikuwa na ukame, maji ya Galilaya yakashuka sana, na ndugu wawili wavuvi wa Ginosar wakaona umbo la chombo ndani ya matope. Watu wakakichimbua kwa siku 12 hivi, usiku na mchana, maana maji yalikuwa yakirudi. Urefu wake unazidi mita 8. Mbao zake zilikuwa zimelainika kiasi kwamba zisingestahimili kubebwa, ikabidi kifungwe kwa povu maalum ndipo kielee, kisha kikalowekwa kwenye dawa kwa miaka mingi ndipo kikaweza kukaa penye hewa. Wataalamu wanakiweka katika nyakati zile za karne ya kwanza. Sitawadanganya kwamba ni cha Petro. Hakuna anayeweza kusema hivyo. Kinachonigusa ni kwamba walipochunguza mbao zake walikuta aina 12 za miti. Mierezi, mialoni, na nyingine za kuokota okota, baadhi zimetolewa kwenye vyombo vya zamani. Mvuvi maskini alikuwa akitengeneza na kutengeneza tena, kwa mti wowote aliopata, badala ya kukitupa. Vyombo vya namna hiyo ndivyo Bwana wetu alivyopanda. Alilala ndani ya chombo chenye viraka, na dhoruba ilipokuja hakikupasuka.

Haya. Mnajua ninakoelekea, na wengine Jumapili mlianza kuinamisha vichwa.

Tuna ndugu yetu ambaye kanisa hili lilimweka chini ya nidhamu miaka miwili iliyopita. Simtaji jina, mnamjua. Alikuwa anashika pesa za kiwanja, akazitumia. Wazee wa kanisa walipomwondoa katika huduma walifanya sawa, na nilikuwa mmoja wao, na ningefanya hivyo tena. Chombo chenye mdudu huvutwa pwani. Kanisa linaloogopa kufanya hivyo litakuja kuzama na abiria wake wote. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mchungaji anatetea wizi.

Lakini ndugu yule alirudisha. Kidogo kidogo, kwa simu, mwezi kwa mwezi, na shilingi ya mwisho iliingia kabla ya Pasaka. Tulifanya nini basi? Tulimwandikia risiti. Akaendelea kukaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na ibada ikiisha watu wanapita kwa mlango wa pembeni. Sikusema mnamchukia. Mlikuwa mnamzunguka tu, kama mtu anavyozunguka mtumbwi uliofungwa kwenye mkanju akienda shambani. Baada ya Juni hakuja tena. Mke wake anakuja na watoto, anaulizwa, "Baba nanii mzima?" na anajibu "Mzima." Basi.

Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mtu wa namna hiyo. Aliwaambia ile adhabu iliyotolewa na walio wengi inatosha, sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni kupita kiasi. Ona kwamba Paulo huyo huyo alikuwa mkali juu ya dhambi. Anakubali kuvuta pwani. Anachokataa ni mvua ya miaka tisa.

Na hapa nina neno kwa wazee wenzangu, na kwangu mwenyewe kwanza. Tulitia simiti. Lile jambo tulilimaliza ofisini, watu watano, mlango umefungwa. Wale akina mama waliotoa pesa zile, waliouza mahamri na viazi karai alfajiri wakaleta mia, mia mbili za kiwanja, hawakuwahi kumsikia akisema kwa mdomo wake, "Nilikula pesa zenu." Hawakuwahi kupewa nafasi ya kumwambia iliwauma vipi. Mmoja aliniambia wiki iliyopita, "Mchungaji, pesa zilirudi, lakini mimi sikurudishiwa heshima yangu." Mama huyo ana haki. Nilipomsikia nilikumbuka kile kisu kikiingia kwenye mbao. Hatujafika penye uzima bado, na bila kufika hapo, kumwita mbele, kumwekea mikono na kupiga vigelegele ni rangi ya buluu.

Mtu mwingine aliniuliza barazani, "Na akirudia?" Swali zuri, silidharau. Tulipoushusha mtumbwi wa baba, tulingoja bamvua ili maji yaje mpaka pale, tukausukuma sisi wawili na vijana. Na ukavuja! Mimi nilishtuka, nikataka tuurudishe pwani haraka. Mdogo wangu akacheka. Akaniambia mbao imekauka miaka tisa, lazima ivuje. Iache inywe maji. Akaufunga kwenye mkoko, akauacha ujae nusu, akaenda nyumbani kulala. Kesho yake tukaukumba, ukavuja kidogo. Siku ya tatu mbao ilikuwa imevimba, mishono imejifunga, mkavu ndani. Nje ya maji usingejifunga kamwe. Na fundi akatupa sharti: mwaka wa kwanza msiutoe nje ya mkono wa bahari. Tukatii.

Kwa hiyo ndugu yetu hapewi ufunguo wa sefu, na mwenyewe ameniambia hautaki. Hilo si kutomsamehe. Paulo pia alisema anayemrejesha mwenzake ajiangalie. Lakini atapewa kiti, atapewa mkono, atapewa kazi ya kubeba viti na watu wa kusali naye. Na miezi ya kwanza atavuja. Atasema jambo lisilofaa, atakasirika bure, Jumapili nyingine hataonekana. Mkiona hivyo msikimbilie kusema "si nilisema?" Chukueni kata, mkumbe maji.

Nilipokuwa nikihubiri niliwaambia kila mtu amgeukie jirani amwambie, "Nitakushika upande wa pili." Wewe unayesoma haya nyumbani huenda jirani yako wa leo ni yule usiyezungumza naye, labda mko naye chini ya paa moja. Sitakupangia cha kusema. Mimi hotuba yangu ilinipotea, na maneno yaliyobaki yalitosha.

Jumamosi hii saa tatu asubuhi akina mama wote waliochangia kiwanja tunakutana kanisani. Milango itakuwa wazi, na hakuna atakayemkatiza mama yeyote. Ndugu yetu amekubali kuja. Ameniambia anaogopa, nikamwambia nitampitia kwake, twende kwa miguu, na nitakaa upande wake. Wazee wa kanisa, njooni mapema mpange viti kwa duara, si kama mahakama.

Chakula cha mchana kitakuwapo. Mdogo wangu ameondoka kuvua tangu jana usiku, na ameahidi kwamba akipata tafi wa kutosha ataleta kwa gari la alfajiri kutoka Takaungu. Asipopata, kutakuwa na maharagwe.